Ubani Usingoje Kifo

Siku ya Ijumaa, imamu akishatoa salamu katika Msikiti wa Jamia, katikati ya jiji la Nairobi, mara nyingi hutangazwa kwamba yuko maiti wa kusaliwa. Hapo hakuna atazamaye saa. Mwenye duka wa Biashara Street, karani wa wizara, dereva wa teksi aliyeegesha gari lake pasipo ruhusa, wote husimama safu kwa ajili ya mtu ambaye pengine hawakumjua hata jina. Akiwa marehemu hana jamaa mjini, sanda hupatikana, gari hupatikana, na kaburi huchimbwa Kariokor kabla jua halijatua. Sisi Waislamu wa nchi hii tuna ila zetu nyingi, bali katika kumsitiri maiti hatuna wa kushindana naye.

Makala haya yanawahusu watu ambao hawajafa.

Kutoka hapo msikitini, panda matatu iendayo upande wa magharibi, ukwee kilima hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta. Haizidi maili tatu. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40 tu, ikaitwa kwa jina la mfalme wa Kiingereza mwaka 1952, na baada ya uhuru ikapewa jina ililo nalo sasa. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa peke yake, katika hospitali zote za umma za Kenya, yenye mashine za mionzi ya kutibu saratani. Mtu akiugua Lamu, akiugua Wajir, akiugua Kwale, mlango ulikuwa mmoja. Katika miaka hii ya 2020 mashine zimefika Mombasa, Nakuru na Garissa, nasi tunashukuru. Hata hivyo wagonjwa wa Pwani wangali wakipanda kuja Nairobi, huyu kwa kipimo kisichokuwapo kwao, yule kwa kukwepa foleni, mwingine kwa kuwa mwanawe anafanya kazi huku na ana chumba.

Jina lenyewe la saratani si geni kwetu tuliosomeshwa chuoni. Ndilo jina la buruji ya nne katika zile kumi na mbili za falaki, na kwa Kiarabu maana yake ni kaa, yule mdudu wa pwani mwenye magando. Waganga wa kale wa Kiyunani waliuona uvimbe wenye mishipa iliyotambaa pande zote wakasema huyu ni kaa, na Waarabu na Wazungu wakafuata. Basi neno tunalo tangu zamani. Tusilokuwa nalo ni uthubutu wa kulitamka. Nyumbani husemwa "ugonjwa ule", au "ule wa siku hizi", au husemwa si chochote, ni vidonda vya tumbo.

Kimya hicho kilitikiswa kidogo mwezi wa Julai mwaka 2019, ambapo ndani ya mwezi mmoja nchi iliwapoteza Bw. Bob Collymore, mkuu wa Safaricom, Bw. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, na Dkt. Joyce Laboso, gavana wa Bomet, wote watatu kwa saratani. Bw. Okoth alikuwa amekwisha kusema hadharani kwamba anaugua na kwamba ugonjwa wake haukugunduliwa mapema. Magazeti yaliandika kwa majuma. Kisha likaja jambo jingine, kama kawaida. Hesabu ya kimataifa ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba zaidi ya watu 44,000 nchini Kenya huambiwa kila mwaka wana saratani, na zaidi ya 29,000 hufa kwayo. Ya titi, ya mlango wa kizazi, ya tezi dume na ya umio ni miongoni mwa zinazoongoza.

Tuseme ni mama wa Faza. Ameona uvimbe katika titi, nao hauumi. Kwa kuwa hauumi ameunyamazia, kwa maana sisi tumezoea kuamini kwamba ugonjwa ni maumivu, na saratani ya titi aghalabu huanza pasi na maumivu yoyote. Miezi sita amekunywa kombe na kujipaka mafuta. (Sisemi neno baya juu ya kombe. Mwenye imani yake aandikiwe aya kwa zafarani anywe. Lakini hakuna sheikh aliyesema kwamba kombe na daktari ni wake wenza wasioweza kukaa nyumba moja.) Hatimaye anapanda mashua hadi Mokowe, basi la kwenda Mombasa, kinyama kinakatwa na kupimwa, majibu yanachukua majuma, na mwisho anaandikiwa Nairobi.

Mionzi haitolewi siku moja ikaisha. Mgonjwa hulala chini ya mashine dakika chache tu, akaenda zake, akarudi kesho, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa majuma matano au sita. Mwenye saratani ya mlango wa kizazi, mathalan, kwa kawaida hupangiwa mara 25. Dawa za mshipani nazo hutolewa kwa zamu, aghalabu kila baada ya majuma matatu, kwa miezi. Basi maradhi ya dakika chache kwa siku yanamtaka mama wa Faza awe mkaazi wa Nairobi. Atalala wapi? Atakula nini? Nani atamvusha barabara akiwa na kizunguzungu? Bima hailijibu swali hilo. SHA ilipochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, ilianza na kiasi cha shilingi 550,000 kwa mwaka kwa matibabu ya saratani ya nyumba moja. Fedha hizo ni za dawa, mionzi na upasuaji. Nauli ya matatu kutoka Eastleigh hadi Kenyatta, kwenda na kurudi, mara 25, mgonjwa na msindikizaji wake, haimo. Wako walioacha mionzi katikati, na mionzi iliyoachwa katikati huwa imepoteza nguvu yake nyingi.

Ndani ya uwanja huo huo wa Kenyatta iko nyumba ya kiasi, isiyo na fahari, iitwayo Nairobi Hospice. Ilianza kazi mwaka 1990. Wazo la hospisi la zama hizi lilitoka London, ambako Dkt. Cicely Saunders alifungua St Christopher's mwaka 1967. Afrika ya kwanza ilikuwa ile ya Harare, mwaka 1979. Watanzania wameitafutia kazi hii jina la Kiswahili, wakaiita "tiba shufaa". Ni jina tamu masikioni. Lakini shufaa sisi twaijua ni ile tunayoitarajia kwa Mtume siku ya Kiyama, na ukimwambia mzee wa Kibokoni kwamba mkewe anapelekwa kwenye shufaa, ataanza kumsomea Yasini hapo hapo mlangoni.

Na hapo ndipo lilipo kosa letu la kwanza kuhusu nyumba ile. Watu hudhani ni mahali pa kwenda kufia. Nairobi Hospice haina wodi ya kulaza. Mgonjwa huja kwa miguu au kwa kiti, akaonwa na muuguzi, akapewa dawa ya maumivu, akarudi kwao. Asiyeweza kuja hufuatwa nyumbani. Iko siku ambayo wagonjwa hukutana wakala pamoja, wakazungumza, mwenye kidonda akamwona mwenzake mwenye kidonda. Wengi wangali wakiendelea na mionzi au dawa. Jamaa nao huketishwa: mume ambaye hajui amguse vipi mkewe aliyekatwa titi, kijana wa kidato cha tatu ambaye hapana mtu aliyemweleza kwa nini babake amekonda. Na mgonjwa akifariki, hospisi haiwaachi waliobaki. Huwatazama hata baada ya matanga kuanuliwa, wakati ambao majirani wamekwisha kurudi kwenye shughuli zao.

Kosa la pili linahusu mofini. Nimelisikia kwa masikio yangu Mombasa na Nairobi: kwamba ni dawa ya kulevya, kwamba ni haramu, kwamba anayeanza kupewa hiyo amekwisha. Ni unga unaotiwa katika maji, ukanywewa kwa kipimo kila baada ya saa nne. Mmoja katika waliouhubiri sana Afrika Mashariki ni Dkt. Anne Merriman, Mwingereza wa Liverpool aliyewahi kuwa mtawa. Alifanya kazi katika Nairobi Hospice ilipoanza, kisha mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Huko maji hayo hutiwa rangi, kijani kwa yaliyo mepesi, nyingine kwa yaliyo makali, ili mgonjwa asiyejua kusoma asikosee chupa. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuiandika dawa hii wenyewe bila ya kumngojea daktari. Sisi Kenya tulikokota miguu. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch liliandika kwamba katika hospitali zetu za serikali zipatazo 250, mofini ya kunywa ilipatikana katika saba tu. Hesabu hiyo ilikuwa aibu. Chama cha hospisi za Kenya, ambacho Dkt. Zipporah Ali alikiongoza kwa miaka mingi, kiliishikilia wizara mpaka huduma ikaingizwa katika hospitali kubwa za mikoani.

Anayepewa kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo, ni nadra kugeuka mraibu. Taabu yake kubwa ni kufunga choo, na ndiyo maana mwuguzi mwenye akili huiandika pamoja na dawa ya kulainisha tumbo. Ama uharamu, kila aliyekaa mbele ya sheikh akasoma fiqhi anaijua kanuni ya dharura. Mtu aliyeshikwa na maumivu hata hawezi kukaa tahiyatu, ukampa kijiko cha dawa akaweza kusali kwa utulivu, umemsogeza mbali na dini au umemsogeza karibu? Wako wanaoogopa usingizi wa siku mbili za mwanzo. Mtu ambaye hajalala kwa miezi kwa sababu ya maumivu, akiyakosa maumivu, atalala. Huo ni usingizi aliokuwa akidaiwa.

Mwezi wa Ramadhani huleta mitihani yake. Wagonjwa wengi wa Kiislamu, wake kwa waume, hutaka kufunga huku wanatiwa dawa za mshipani, wakificha kiu na kutapika, wakiona kula mchana mbele ya watoto ni fedheha. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya dini yenyewe, haikutoka kwa daktari. Alipe akipona, na asiyetarajia kupona alishe maskini. Hili lingefaa kusemwa juu ya mimbari kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu mgonjwa hamwamini mwuguzi wa Kikuyu au wa Kijaluo katika mambo ya saumu, hata akisema kweli tupu.

Sasa nifike kwenye gumu zaidi. Watu wanaofanya kazi hii hukutana na jambo moja tena na tena: jamaa humtangulia mgonjwa mlangoni, wakanong'ona, wakaomba asiambiwe. Husema kwa mapenzi. Husema akijua atakata tamaa. Basi mwenye mwili hajui, na mtaa mzima unajua. Dada wa Old Town anajua, shemeji wa Dubai ametumiwa ujumbe, na yeye aliyelala anaambiwa ale vizuri atapata nguvu. Lakini mgonjwa si mtoto. Anaona nywele zinavyoanguka, anaona watu wanavyonyamaza aingiapo. Anajua, na kwa kuwa watu wake hawataki ajue, naye huwaficha kwamba anajua. Nyumba nzima inacheza mchezo ambao hapana anayeufurahia.

Msomaji wa Pwani hana haja ya mfano wa kigeni. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alipomtungia bintiye utenzi ule mwaka 1858, alikuwa mgonjwa, na alijua. Anaeleza mwenyewe kwamba ndwele imemshika mwaka mzima, na anamwita mwanawe asogee na wino na karatasi kwa sababu ana maneno ya kumwachia. Alifariki yapata miaka miwili baadaye. Tungekuwako sisi na mapenzi yetu ya leo, tungalimwambia ni vidonda vya tumbo, bibi, juma lijalo utainuka. Na utenzi huo usingaliandikwa.

Maana ya kujua si kufa mapema. Kujua humpa Mwislamu nafasi ya kufanya yanayompasa: kuandika wasia, kurudisha amana, kutaja madeni, kumwita ndugu waliyegombana naye juu ya minazi ya baba. Siku ya maziko tunasimama mbele ya jeneza tukauliza nani anamdai marehemu ajitokeze. Swali zuri. Mwenye kulijibu vizuri kuliko wote alikuwa hai juma lililopita, na hatukumwuliza.

Wala kujua si kukata tamaa, kwa sababu wako wanaopona. Saratani ya titi na ya mlango wa kizazi zikikamatwa mapema hutibika kwa wengi, na ya mlango wa kizazi huweza kuonekana na kuondolewa hata kabla haijawa saratani. Ndiyo maana ya kipimo kile ambacho wake zetu hukikimbia kwa haya. Mwanamke ana haki ya kuomba apimwe na mwanamke mwenziwe, na aombe bila ya kuona aibu. Tangu Oktoba 2019 serikali inawachanja wasichana wa miaka kumi dhidi ya kirusi kinachosababisha ugonjwa huo. Minong'ono kwamba ni chanjo ya kuwatia utasa iliingia hata misikitini kwetu, nayo haina msingi.

Waliopona, wakikaa na wagonjwa wapya, hufanya kazi ambayo daktari haiwezi. Hayo utayaona Parklands, mtaa wenye hospitali zilizoinuliwa na michango ya jamii: M.P. Shah, inayoendeshwa na Social Service League, na Aga Khan, iliyofunguliwa mwaka 1958. Katika mtaa huo Bi. Shaira Adamali, aliyeugua saratani ya titi mwenyewe, alianzisha mwaka 2010 taasisi ya Faraja Cancer Support. Neno faraja hapo limekaa mahali pake. Mgonjwa haulizwi dini wala kabila, hatozwi kitu. Huzungumza na mshauri, hukandwa mwili, hufundishwa chakula, hukutana na aliyetangulia njia ile akatoka upande wa pili. Uko pia mfuko wa kuwasaidia wasioweza kulipa matibabu. Wako Nairobi wanawake waliopona wanaofuma kwa uzi laini maziwa ya bandia, ya kuvaliwa ndani ya nguo na aliyekatwa lake, ili bega lisielemee upande mmoja. Vitu vidogo hivi havimo katika orodha ya dawa, na mwanamke akivikosa hatoki nje.

Ukitazama, hospisi na Faraja hazikubuni jambo jipya. Wanachanga, wanakusanyika, wanamkalia mtu, wanawaangalia watoto wake, wanasema ukweli juu ya hali yake. Yote hayo sisi twayafanya, tena kwa ustadi, ila twayafanya siku moja baada ya wakati wake. Sufuria moja ya pilau ya hitima ya arobaini, nyama, mchele, mafuta, kuni na mpishi, ingaliweza kumpeleka mama wa Faza kwenye mionzi yake majuma mawili. Sisemi hitima iachwe. Naipenda pilau kama mtu yeyote wa Mombasa na wapishi wananijua. Nasema kwamba msikiti wenye daftari la mazishi unaweza kuwa na ukurasa wa pili katika daftari lilo hilo: nani mgonjwa, yuko chumba gani, anakwenda Kenyatta siku zipi, nani ana gari. Chumba kimoja nyuma ya msikiti chenye vitanda vinne, mwenye kukihitaji akakaa majuma sita. Eastleigh, South C na Kibra, mitaa yenye Waislamu tele, hakukosekani nafasi hiyo. Zaka nayo ina fungu la fukara na la mwenye kukatikiwa na safari, na mgonjwa wa Faza aliye Nairobi ana mafungu yote mawili.

Mwenye jamaa aliyeambiwa habari hii hivi karibuni asingoje mpaka maumivu yawe makubwa. Nairobi Hospice imo ndani ya uwanja wa Hospitali ya Kenyatta, na Mombasa iko Coast Hospice, kwa ambaye hana haja ya kupanda bara. Achukue barua ya daktari na karatasi za vipimo, zote, hata zile zilizokunjika. Na aende na mtu mmoja wa kusikiliza pamoja naye, kwa kuwa aliyeshtuka husikia nusu ya maneno. Mtu huyo asiwe yule atakayemtangulia mlangoni kunong'ona.